Maelekezo kwa Chengula Anayetaka Bahari

Umesema unataka bahari, Chengula,
wewe uliyezaliwa Makete kwenye jalidi,
na kwamba hela ya likizo haifiki pwani.
Basi kaa. Nikuchoree nyuma ya risiti hii.

Toka Mbeya mapema, na sweta.
Isongole nunua viazi vya kuchemsha,
si kwa njaa, ni kupasha viganja.
Ukifika Tukuyu mvua itakuwa inanyesha;
usiulize itakatika lini, watu wa kule hatuulizi.
Panda hadi bomani ukaone kuta za Wajerumani.
Usipige picha, ni ofisi ile,
kuna watu wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi
wakifuatilia hati za viwanja.
Weka tu kiganja ukutani.
Babu yangu alibeba mawe yale
na hakuwahi kutuambia alilipwa nini.

Masoko upite kama una siku ya ziada.
Watakuonyesha ziwa dogo, la duara,
watakuambia chini kuna hela za kale.
Nunua ndizi kwa anayekusimulia, mshukuru, endelea.

Kuanzia Ushirika barabara inashuka
na sweta linaanza kukuuliza maswali.
Chai inaisha, kakao inaanza,
mpunga umeanikwa kando ya lami,
na Kyela joto linakushika shingo kama shangazi.
Usilale Kyela. Nasema hivi na ndugu zangu wako huko.
Mbu wa pale hawana mgeni.
Kunywa soda, kata kwenda Ipinda,
na pale vumbi litakapogeuka mchanga, shuka.

Matema.
Usiseme kitu kwanza.
Maji hayana chumvi. Utaonja;
kila mgeni huonja akidhani hatumwoni.
Jua la kule huchelewa, milima imesimama mlangoni,
watu wameshafagia, wameshachota, wameshagombana,
ndipo linapanda ukuta na kuchungulia.
Usilipie chumba chenye feni kabla hujaiwasha.
Kula mbasa. Usipa utaniletea.
Ukiambiwa mamba hawapo, oga wanapooga watoto,
si hatua moja zaidi.

Jumamosi nenda Lyulilo kwenye vyungu.
Usivigonge kwa kucha;
kunja kidole, gonga kwa kifundo, tega sikio.
Chungu kizima hujibu.
Chenye ufa hunung'unika.
Na usishushe bei mpaka mama wa watu akaona aibu.

Halafu, hili sikulipanga, limetoka tu,
lipia mtumbwi hadi Ikombe.
Nilizalisha watu mwambao ule miaka kumi na mmoja,
gauni jeupe na tochi ya betri mbili.
Kuna mama anaitwa Tupokigwe;
pacha wake wa pili nilimpokea mtumbwini,
hospitali tunaiona, hatujaifikia.
Nilipohamia Mbeya akanikopesha chungu.
Shilingi mia tatu. Nikasema mwezi ujao.

Mwezi ujao umekuwa miaka thelathini na minne.
Chungu bado kinapika maharage.
Juzi nimekigonga: kinajibu.

Bahasha hii hapa. Usihesabu.
Kama yupo, sema nesi wa tochi anasalimia.
Kama hayupo, tafuta mapacha;
yule wa pili ana baka nyuma ya sikio la kushoto,
sasa ni mwanamume mzima, mwombe ainamishe kichwa.
Akiuliza kwa nini sikuja mwenyewe
mwambie magoti.
Mwambie nauli.
Asipoamini, na asiamini,
mwonyeshe risiti hii, aone
njia yote nimeichora bila kuinua kalamu.

Na usipa usisahau.
Wa jua, si wa moshi.